Ndugu wa Mgonjwa, Toka Nje Uione Korogwe

Watu wengi wanaijua Korogwe kwa dirisha la basi. Basi la Moshi au Arusha linapunguza mwendo, machungwa yanainuliwa juu, mtu ananunua huku macho yake yako kwenye chenji, na kabla hajamenya la kwanza wameshaelekea Mombo. Abiria huyo hanihusu. Namwandikia aliyeshuka, tena aliyeshuka na beseni, chupa ya chai na kanga za akiba, kwa sababu mama yake, mjomba wake au mke wake amelazwa na daktari hajataja siku ya kutoka.

Huyo atakaa hapa siku ambazo hakuzipanga, katika mji ambao hamjui mtu. Ataingia wodini saa za kuona wagonjwa, atatolewa saa hizo zikiisha, halafu mbele yake kuna muda mrefu ambao hana pa kuupeleka. Wengi huumalizia kwenye benchi chini ya mti, wakikodolea macho mlango wa wodi. Sababu naijua: wanaona haya. Mtu wako anaumwa, wewe unakwenda kuangalia mto? Wa kitanda cha jirani watasemaje?

Waache waseme, wewe nenda. Huu ni mwongozo wa utalii, na neno utalii nimelikusudia. Aliyelala kitandani ameangalia ukuta mmoja tangu alfajiri. Kila anayemkaribia anamuuliza habari za choo chake, kidonda chake na homa yake. Mtu mzima akizungumzwa mwili wake mbele za watu kutwa nzima anachoka, anatamani kusikia habari ya kitu kingine chochote. Wewe ndiye mwenye miguu, kwa hiyo kazi ya kumletea habari hizo ni yako.

Safari ya kwanza ni fupi sana: nenda getini kwa mlinzi. Usianze na swali. Anza na shikamoo kama amekuzidi umri, kisha jitambulishe, sema umeuguliwa, taja wodi. Mlinzi ndiye anayejua ratiba inavyokwenda kweli kweli, ukiacha ile iliyobandikwa ukutani. Muulize saa za kuingia asubuhi, mchana na jioni, halafu muulize madaktari hupita raundi saa ngapi. Saa ya raundi usitembee popote. Hata kama huruhusiwi kusimama kando ya kitanda, kaa mahali ambapo nesi akiita ndugu wa mgonjwa utasikia, kwa sababu daktari anaweza kutaka kujua dawa gani alikuwa akimeza nyumbani, na mgonjwa mwenyewe huenda hakumbuki au anaona aibu kutaja ile ya mitishamba. Itaje wewe, yote, bila kuficha. Daktari hawezi kupanga dawa salama kwa mtu ambaye nusu ya habari zake zimebaki kijijini.

Raundi ikiisha, muulize nesi anaruhusiwa kula nini, kama kuna kipimo au upasuaji unaohitaji afunge, na kama kuna dawa ya kutafuta nje. Andika majibu. Ndugu wengi wamebeba hotpoti ya wali na maharage kutoka mbali kumpelekea mtu aliyetakiwa asitie kitu kinywani, na mgonjwa, kwa kuogopa kuwavunja moyo, akala.

Kisha geukia kitanda cha jirani. Hii ndiyo hatua inayokupa uhuru wa kutembea, na wageni wengi huiruka. Anayemuuguza mwenzake pale naye amechoka kama wewe. Mpe pole ya kuuguza, muulize mgonjwa ameamkaje, badilishaneni namba za simu. Leo utamletea uji wa mgonjwa wake, kesho atakuangalizia wako ukienda sokoni. Kama nesi akiita na wewe uko mbali, simu italia.

Huenda mwenzako huyo ametoka Handeni, ng'ambo ya pili ya mto Pangani. Barabara ya Handeni hadi Korogwe ni kilomita 65, siku hizi ina lami. Mwache asimulie. Handeni ni nchi ya Wazigua, na historia yao inafaa sana kusikilizwa na mtu aliye ugenini. Katika karne ya 19 Wazigua wengi walisafirishwa utumwani hadi Somalia, wakaja kuishi kwenye bonde la mto Juba. Vizazi vikapita, lugha yao wakabaki nayo. Vita vya Somalia vilipoanza mwaka 1991, baadhi yao wakakimbilia Tanzania, wakapokelewa Handeni, kwanza kambi ya Mkuyu, kisha makazi ya Chogo kuanzia mwaka 2003. Wakawakuta wenyeji wanaozungumza lugha ileile waliyoilinda huko mbali kwa zaidi ya miaka mia moja, na wengi wao baadaye wakapewa uraia. Habari hii mpelekee mgonjwa siku anayolalamika kwamba hapa hana kwao.

Sasa chakula. Nje ya hospitali yoyote kuna mama ntilie, na kwa ndugu wa mgonjwa mama ntilie ni taasisi. Anajua uji wa nani usiwe na sukari. Anajua nani hajala tangu jana. Mchague mmoja, mzoee, mlipe kwa wakati. Kula wewe mwenyewe kwanza. Nasema hivi kwa ukali kwa sababu nimewaona akina mama wanaozunguka na hotpoti za wagonjwa huku wao wakishindia chai ya rangi, mpaka siku wanapoanguka na kuandikiwa kitanda. Huku Tanga utapata makande yaliyopikwa na mtu anayejua makande, utapata kisamvu, na kama una bahati utapata bada, ugali wa muhogo ambao mgeni huutazama kwa mashaka kabla ya kuongeza tonge la pili. Kula, halafu kamsimulie mgonjwa ulivyokula. Hamu ya kula huanzia masikioni.

Shangazi yangu nilimuuguza Korogwe, na yeye ndiye aliyenifundisha utalii huu. Nilikuwa nikiingia jioni na uso wa huzuni niliouandaa tangu getini, naanza kumuuliza maumivu yakoje. Siku moja akanikatiza. "Mwanangu, maumivu nimeshamwambia daktari. Nyanya sokoni bei gani?" Sikuwa najua. Kesho yake nilikwenda soko la Manundu kwa ajili ya swali hilo tu. Nikarudi na bei ya nyanya, bei ya vitunguu, na malalamiko ya muuza hoho kwamba mzigo wa kutoka milimani ulichelewa. Shangazi aliibishia kila bei. Alikaa kitako ili abishe vizuri. Tangu hapo akawa ananituma: leo nenda stendi, leo nenda mtoni, leo niangalizie reli kama bado ipo.

Reli ipo. Anza nayo, maana ndiyo iliyoukuza mji. Wajerumani walianza kuijenga kutoka Tanga mwaka 1893, ikafika Korogwe mwaka 1902, ikaendelea Mombo na baadaye Moshi. Mwaka 1963 kipande cha Ruvu hadi Mruazi kikaiunganisha na reli ya kati, ndiyo sababu treni ikitoka Dar es Salaam inaweza kupita hapa kwenda kaskazini bila kugusa Tanga mjini. Safari za abiria zilikufa kwa zaidi ya miaka 20, zikarudi Desemba 2019. Nenda stesheni, simama, uliza treni inayofuata inapita lini. Mgonjwa mwenye umri mkubwa utamkuta ana hadithi yake ya treni, na safari hii msimuliaji atakuwa yeye, wewe utakaa usikilize.

Ukitaka kujua kwa nini hakuna anayekushangaa mjini humu, tazama mashamba ya mkonge. Mwaka 1893 Richard Hindorf, Mjerumani, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika hai ni 62. Kutokana na hiyo 62 ukazaliwa mkonge wote wa Tanganyika, ambayo baadaye iliongoza dunia kwa zao hilo. Korogwe ikazungukwa na mashamba: Magunga, Mgombezi, Hale na mengine. Mashamba yalitaka mikono, wakaja manamba kutoka Kigoma, Songea, Iringa, Msumbiji, Rwanda na Burundi, wakakaa na Wazigua, Wasambaa na Wabondei. Wengi hawakurudi. Kwa hiyo bibi anayekuuzia ndizi leo huenda babu yake alishuka hapa akiwa mgeni kuliko wewe, bila hata mgonjwa wa kumtembelea. Bei ya mkonge ilianguka kamba za nailoni zilipoingia sokoni, mashamba yakataifishwa, mengine yakafa, mengine yakafufuliwa. Watu walibaki.

Halafu nenda Old Korogwe. Hii ndiyo safari ninayoisisitiza kuliko zote. Panda bajaji au bodaboda, au tembea jua likipungua, kwa sababu Korogwe iko bondeni na joto lake la mchana halina huruma. Jina hilo la Kiingereza ndilo jina la kata, na wenyeji wanalitamka bila kufikiri. Ni sehemu iliyokuwa mji kabla mji haujahamia kwenye biashara za reli na barabara kuu, na mto Pangani uko jirani. Wasafiri wa karne ya 19 walikuta watu wa bonde hili wamejenga vijiji vyao kwenye visiwa vya katikati ya mto, Korogwe kikiwa kimojawapo, ili maji yawalinde dhidi ya wavamizi. Fikiria hilo ukiwa umesimama pale: watu waliona ni salama zaidi kulala wamezungukwa na mamba kuliko kulala nchi kavu karibu na binadamu waliokuwa wakiwinda watumwa.

Mamba hawajaisha. Usishuke majini, usikae kwenye ukingo, muulize mwenyeji ni wapi panafaa kusimama. Sitaki familia moja iwe na wagonjwa wawili.

Ukiwa hapo utazame mto kwa makini, kwa sababu jioni utaulizwa. Maji haya yameanza Kilimanjaro na Meru, yamepita bwawa la Nyumba ya Mungu, yamepita Korogwe, na yanakwenda kufanya kazi. Huko chini yatazungusha mitambo ya Hale, kituo cha umeme cha megawati 21 kilichoanza mwaka 1964, kisha mitambo ya Maporomoko ya Pangani, megawati 68, iliyojengwa upya mwaka 1995. Umeme huo unaingia gridi ya taifa. Kama mgonjwa wako ni Mchaga au Mmeru, mwambie maji ya kwao yanapita nyuma ya mji huu kila dakika, yakienda kuwasha taa. Shangazi yangu, ambaye si wa huko, alifikiri kidogo akauliza kama na hiyo feni ya wodini inaendeshwa na mto. Nikamwambia kwa sehemu, ndiyo. Akaitazama upya.

Mahali pa nne pa kutembelea hapahitaji nauli. Ni palepale hospitali, na ni jambo ambalo kila mgeni anayeiita Korogwe mji mdogo anapaswa kulijua. Kati ya mwaka 2009 na 2014 chanjo ya malaria iitwayo RTS,S ilifanyiwa majaribio ya awamu ya tatu. Vituo vilikuwa 11 katika nchi 7 za Afrika, na Tanzania ilikuwa na viwili: Bagamoyo na Korogwe. Watoto walioshiriki katika nchi zote hizo walikuwa 15,459. Watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu walifanya kazi hiyo hapa, pamoja na akina mama wa Korogwe na vijiji vyake waliokubali kuwaleta watoto, kuchomwa sindano, kupimwa, kurudi tena na tena kwa miaka, masika na kiangazi. Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likapendekeza chanjo hiyo itumike kwa watoto wanaoishi kwenye maeneo yenye maambukizi ya malaria ya kiwango cha wastani hadi cha juu. Ilikuwa chanjo ya kwanza ya malaria kufika hapo. Kuna watoto leo Ghana, Kenya na Malawi wanaolindwa kwa ushahidi uliokusanywa kwa sehemu kutoka kwenye mikono ya watoto wa hapa. Ukikaa benchi na mama mwenye mtoto mgongoni, mheshimu. Huenda mwanawe mkubwa alikuwa mmoja wao.

Mpaka wa utalii wetu ni huu: usiende mahali ambapo huwezi kurudi kabla ya saa ya kuona wagonjwa. Kwa hiyo Lushoto hapana. Najua milima ya Usambara unaiona pale, najua kuna baridi, na najua ukifika Mombo ni kupanda tu. Iache. Mwahidi mgonjwa kwamba mtapanda pamoja akipata nguvu, na uahidi kwa kumaanisha, ukiuliza nauli kabisa stendi ili muibishanie.

Simu nayo ni sehemu ya safari, maana ndugu walio mbali wanataka kusafiri kupitia kwako. Chagueni msemaji mmoja. Atume ujumbe mmoja jioni kwenye kundi la familia: amekula nini, daktari amesema nini, kinahitajika nini. Mengine hayahitaji kusemwa. Na ninaomba sana, usimpige picha mgonjwa. Mtu aliyewekewa mpira puani hajakuruhusu umpeleke kwenye simu za watu arobaini, wakiwemo wadeni wake. Anayetaka kumwona apande basi.

Kutakuwa na mmoja, mara nyingi baba mkubwa aliyeko mjini, atakayepiga kila siku kuuliza kwa nini hamjampeleka Muhimbili. Mjibu kwa adabu kwamba rufaa inaandikwa na daktari. Ikihitajika, zipo njia: Bombo kule Tanga ndiyo hospitali ya rufaa ya mkoa, KCMC ya Moshi inapokea rufaa tangu mwaka 1971, na Muhimbili ipo. Kisha mwombe baba mkubwa huyo achangie. Gharama za kuuguza hazikai kwenye dawa tu. Kuna kulala, kula, vocha na nauli ya anayekuja kukupokea. Kama mgonjwa ana bima, kadi yake ikae mfukoni mwako, isikae kabatini kijijini. Na ndugu wenye afya waliokuja wanne wanne kumwona waulizwe kama wako tayari kuchangia damu. Chupa moja ya damu inazidi pole kumi.

Zipo siku ambazo mwongozo huu haufai, na ni lazima niziseme. Siku ya upasuaji na usiku unaofuata, kaa. Daktari akisema tusogee pembeni tuongee, kaa, mwite na ndugu mwingine. Mgonjwa akikushika mkono asikuachie, mto utakuwepo kesho. Na kama hali ni ya mwisho, usimwachie nesi kazi ya kuwa ndugu. Mzungumzie vitu alivyokuwa akikutuma kuviangalia, hata kama hajibu.

Akiruhusiwa, kabla ya kutafuta gari, mlipe mama ntilie deni lake, muage mlinzi, mwachie wa kitanda cha jirani beseni kama ana shida nalo, na umpitishe mgonjwa wako njia ya mtoni akauone mwenyewe kama ana nguvu ya kukaa kwenye bajaji.

Nanyi wenyeji wa Korogwe, tangu Manundu hadi Old Korogwe: mkimwona mtu ameshika hotpoti, kanga begani, ameduwaa njia panda, msimpite. Msalimieni, muulizeni mgonjwa anaendeleaje, mwonyesheni njia ya sokoni, na mwambieni nyanya leo bei gani.